Kamera ya Kilo Mbili na Mbuzi Watatu

Kwa aliyekosa gazeti la wiki jana, au aliyelifungia mandazi kabla ya kulisoma, nitasema haraka, maana leo mambo ni mengi.

Mimi ni Nzuki, mstaafu. Miaka thelathini na moja nilisoma mita za maji mjini Machakos, na katika miaka hiyo sikusema uongo hata siku moja, isipokuwa siku nilizofungua mdomo.

Mke wangu ni Mukai, wa Masii. Tumekaa pamoja miaka thelathini na minane, na muda huo wote nimewaambia watu kwamba ntheo yake nilipeleka zamani. Ntheo, kwa asiye Mkamba, ni wale mbuzi watatu wanaomfanya mke awe mke. Bila hao, hata mkizaa timu nzima ya mpira, mbele ya wazee wewe ni mpangaji tu.

Sikupeleka. Nakiri hapa gazetini kwa sababu hapa hakuna anayenifikia kwa fimbo.

Sasa, ntheo ya mama isipokwenda, ya binti haipokelewi. Na binti yetu Mutheu ameposwa na mwalimu Wathome wa Kyumbi, na watu wa Wathome tayari wamepanga siku ya kuja. Ndiyo sababu wiki jana nilikimbia Masii na mbuzi watatu wa kuazima. Katikati ya maombi, Mutua mwenye mbuzi akasimama, akasema, "Amina. Sasa nipeni mbuzi zangu."

Hapo ndipo tulipoachana, nikiwa nimeshika kamba tatu zisizo na kitu.

Shemeji yangu Muthoka ni kaka mkubwa wa Mukai, msemaji wa ukoo, mzee wa kanisa, mfupi, na hacheki kabla ya Pasaka. Alinipa nafasi moja ya mwisho.

"Jumamosi ijayo," akasema. "Mbuzi tatu. Zako, si za jirani. Na nataka picha."

"Picha ya nini, shemeji?"

"Yako. Wewe, mwenye kuuza, na mbuzi, pale pale unaponunua. Na si picha ya simu."

"Simu ina kosa gani?"

"Krismasi ulituonyesha picha ya simu ukiwa umepanda twiga."

Twiga yule alikuwa kazi ya mpwa wangu, kijana fundi sana, ila alisahau kumwekea twiga kivuli.

"Picha ya kamera," Muthoka akaendelea, "iliyochapishwa kwa karatasi. Usipoileta, nitawapigia simu watu wa Wathome wasije."

Mutheu alikuwa amekaa kando ya mama yake. Hakulia. Aliniangalia tu, akasema, "Baba, mara hii moja."

Afadhali angelia.

Jumatatu asubuhi nikawa dukani kwa Kowsar, mjini, nyuma ya soko. Kowsar anauza simu na kukodisha kamera za harusi. Nilikuwa na Mukai, kwa sababu Mukai alikataa niende peke yangu popote penye kitu cha kukodi.

Kowsar akaweka kamera mbili juu ya kioo.

Moja ilikuwa ndogo, bapa, kama kijisanduku cha sabuni. Ya pili ilikuwa nyeusi, pana, na mbele ina lenzi ndefu kama chupa ya uji wa chekechea.

"Mzee unasafiri?" Kowsar akauliza.

"Nasafiri."

"Basi chukua hii ndogo. Inaingia kwa mfuko wa shati. Unawasha, unabonyeza, umemaliza. Hata ukiwa peke yako, unaiweka juu ya jiwe na inakupiga yenyewe."

"Na hii kubwa?"

"Hii ni ya harusi na simba. Inavuta vitu vya mbali. Lakini pamoja na lenzi ni kilo mbili, na iko na mkoba wake, na betri zake, na vifuniko vyake. Ukisafiri na hii, mzee, umesafiri na hii. Huwezi kusafiri na kitu kingine."

"Nimewahi kubeba kubwa kuliko hiyo," nikasema. "Mwaka wa sabini, nilipokuwa napiga picha za ndovu Tsavo."

"Mwaka wa sabini ulikuwa darasa la sita," Mukai akasema.

"Nilikuwa mkubwa kwa umri wangu."

"Baba Mutheu, unaenda kununua mbuzi. Mbuzi anasimama mbele yako. Unamvuta kutoka mbali ili iweje?"

Kowsar alicheka mpaka akajishika kwenye kaunta. Mukai akachukua ile ndogo, akaipima mkononi, akasema hii ndiyo. Maneno yake yalikuwa ya busara kutoka mwanzo hadi mwisho, na ndiyo maana yaliniudhi.

Nikavaa ile kubwa shingoni, kujaribu tu. Shingo ikalia papo hapo. Lakini kifua, ndugu zangu, kifua kikapanuka. Wanaume wawili waliokuwa wakipita mlangoni wakasimama. Mmoja akanisalimia, "Mheshimiwa."

Tangu nistaafu hakuna aliyeniita mheshimiwa. Hata kabla ya kustaafu walikuwa wananiita Mita.

Nilimwambia Kowsar nachukua kubwa kwa sababu ya ubora wa picha. Nilimwambia Mukai ni kwa sababu picha itachapishwa kubwa na wazee wataona vizuri. Sababu yenyewe ni kwamba nilitaka Muthoka anione nayo. Nimekiri.

Kowsar aliiweka kamera ijipange yenyewe, akanionyesha kifungo kimoja tu, akaniambia nisiguse kingine hata nikishawishika. Kisha akanielekeza kwa mjomba wake, Abdishakur, muuza mifugo mwenye zizi kubwa huko Kinanie.

Nilifurahi. Kinanie ni mbali na Masii. Hakuna mtu wa kwa wakwe ambaye angepita huko akaanza kuniuliza maswali.

Jumatano tukaondoka kwa pikapu ya Ngui, dereva mstaafu mwenzangu. Mkoba wa kamera ulikaa katikati yetu kama mke wa pili. Chapati alizonipikia Mukai zilikosa nafasi, zikabaki nyumbani.

Tulipofika kwenye zile nyika kabla ya Kinanie, Ngui akakanyaga breki.

"Nzuki. Angalia kushoto."

Twiga. Twiga wa kweli, mwenye kivuli, amesimama hatua ishirini kutoka barabarani, anatafuna na kutuangalia kama mtu aliyetumwa na Mungu kuja kunisafishia jina.

Nikafungua mkoba. Nikatoa kamera. Nikatafuta lenzi. Nikatoa kifuniko cha lenzi, nikatoa kifuniko cha kamera, nikafunga lenzi, ikakataa, nikaifungua, nikaifunga tena. Nikainua kamera.

Niliona kichaka kizuri sana.

"Ameenda saa ngapi?" nikauliza.

"Ulipokuwa kwa kifuniko cha pili," Ngui akasema. "Ile ndogo, ungekuwa umempiga, umemchapisha, na umempatia nakala yake abebe."

Alicheka hadi Kinanie. Mimi nilikaa na kamera tayari mapajani, nikingoja twiga mwingine. Hawaji hivyo.

Zizi la Abdishakur lilikuwa na mbuzi wengi kuliko kura za diwani wetu. Mwenyewe akaja, mrefu, ndevu za hina, kikoi kimefungwa vizuri. Akaniangalia shingoni.

"Mzee, hiyo ni kamera ama ni pampu ya maji?"

"Ni kamera ya magazeti ya nje," nikasema. Mdomo ulikuwa umeshafunguka.

Hapo zizi lote likabadilika. Mmoja akachana ndevu kwa kidole. Mmoja akamleta kondoo wake akamsimamisha kama bwana harusi. Mwingine akamfungua mbuzi kamba ili apigwe akiwa huru, na mbuzi akashukuru kwa kuondoka, na watu watano wakamfuata.

Nikaanza kupiga. Nilipiga mbuzi, nilipiga watu, nilipiga ngamia mmoja aliyekataa kutazama upande wangu. Sauti ya ile kamera ni tamu, jamani. Inagonga kama fundi anayejua kazi.

"Inua kidevu," nilisema. "Si wewe. Kondoo."

"Picha itatoka nchi gani?" mmoja akauliza.

"Norway."

"Huko wanakula mbuzi?"

"Wakiona huyu, wataanza."

Abdishakur akanivuta kando, akicheka. "Mzee wa Norway, Kowsar ameniambia kila kitu. Unataka mbuzi tatu za mkwe. Walahi nina tatu safi, zimeingia leo asubuhi. Angalia. Hazina jeraha, zina tabia. Aliyeziuza bado yuko hapa, amekaa pale kwa chai ya Bisharo."

Sikugeuka. Mtu mwenye kamera shingoni hageukii mtu anayekunywa chai. Niliangalia mbuzi: mwekundu, mweupe na mwenye madoadoa. Mbuzi mimi nawajua wakiwa kwenye sahani. Nikasema ni wazuri.

Tukaelewana, tukapeana mikono, ikabaki picha ya Muthoka.

Niliiweka kamera juu ya jiwe, kama Kowsar alivyosema kuhusu ile ndogo. Pua yake nzito ikaangukia mbele, ikapiga picha nzuri ya viatu vyangu. Nikajaribu jiwe lingine. Viatu tena.

"Lete hapa," akasema Bisharo, mama wa kibanda cha chai, akijipangusa mikono. "Mimi nimepiga harusi nne za dada zangu."

Nikamvika kamera. Nikasimama, mbuzi watatu mbele, Abdishakur kando yangu.

"Unaona nini?" nikauliza.

"Naona kifungo cha shati lako."

"Rudi nyuma."

"Naona vifungo viwili."

"Rudi tena, mama."

Akarudi nyuma akapita mbuzi, akapita mashina ya miti, akavuka barabara ya vumbi, pikipiki ikamngoja. Kutoka huko akapaza sauti, "Sasa mko ndani wote. Hata kibanda changu kiko ndani. Simameni hivyo hivyo."

Akabonyeza.

Ijumaa nilichapishiwa picha mjini, kubwa kama kalenda ya ukutani. Nilijiona nimesimama katikati, tumbo ndani, tabasamu la mtu mwenye mali. Mtu akipewa picha ya watu wengi hutafuta uso wake kwanza, na mimi nilipoupata wangu sikuendelea na utafiti. Nikaikunja kama ramani, nikaiweka ndani ya koti. Sikumwonyesha mtu. Kitu kizuri hufunguliwa mbele ya wageni.

Jumamosi saa nne tulikuwa Masii. Lori la mahema lilikuwa limeziba njia ya kwenda nyumbani kwa wakwe, kwa hiyo Ngui akaegesha kule barabarani, na tukawashusha mbuzi hapo. Wazee walikuwa wamesimama getini, wanatuona vizuri.

Nikasema nitaingia kwa heshima: kamba tatu mkono wa kushoto, kamera kifuani, mwendo wa pole.

Mbuzi hawakukubaliana na mpango huo.

Yule mwekundu alinusa hewa. Akalia mara moja. Kisha wote watatu wakanipokonya kamba na kuondoka mbio. Nikawafuata, kamera inanipiga tumboni, kila hatua pu, kila hatua pu.

Walipita geti la jirani bila kulitazama. Wakapita la pili. Kwenye tangi la maji wakakata kona. Wakapita katikati ya wazee, wakapita chini ya hema, wakaingia zizini. Mwekundu akaenda moja kwa moja kwenye karai la maji. Mweupe akajikuna kwenye nguzo fulani, kwa makini, kama aliyekuwa ameikosa hiyo nguzo. Mwenye madoadoa akalala kwenye kona akafumba macho, kama mtu aliyetoka kazini.

Wazee wote wakageuka kutazama zizi.

Kisha Mwangangi, mzee mkubwa kuliko wote pale, akanyanyua fimbo. "Wazee, mmeona?"

"Tumeona."

"Nimekula ntheo miaka sitini. Mbuzi wanavutwa, wanasukumwa, wanabebwa. Kujipeleka wenyewe, hii ndiyo mara ya kwanza. Ndoa hii ilikuwa imechelewa tu. Imebarikiwa."

Vigelegele vikapasua hema. Mukai alijifunika uso kwa leso, mabega yakitikisika. Miaka thelathini na minane, na sasa vigelegele vya kwake vilikuwa vinapigwa. Mutheu alinikumbatia na kamera yangu pamoja.

"Umewafanya nini hawa mbuzi?" Mwangangi akaniuliza.

"Nilizungumza nao njiani, mzee. Niliwaambia wanaenda nyumbani."

Nilidhani ni uongo. Kumbe ndilo neno la kweli pekee nililosema siku hiyo.

Mtu mmoja tu hakupiga makofi. Muthoka alikuja kando yangu, kofia imeshuka mpaka nyusi, jasho linamtoka.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya chini. "Hayo mambo ya picha tuyaache. Sisi ni watu wazima. Tunaaminiana."

Ndugu msomaji, Muthoka hajawahi kuniamini hata nikisema kuna jua. Nikanusa kitu. Nikajifanya naenda msalani, nikazunguka nyuma ya jiko, nikafungua picha.

Nilijiangalia tena kwanza. Nisameheni, nilikuwa nimetoka vizuri.

Kisha nikaangalia nyuma yangu.

Lenzi ndefu haipigi kilicho mbele tu. Inavuta cha mbali inakiweka mgongoni mwako. Kibanda cha Bisharo kilikuwa kimekaa juu ya bega langu. Na mbele ya kibanda alisimama mtu mfupi mwenye kofia, kikombe kitupu mkononi, anamtafuta mwenye chai. Kwa kamera ndogo angekuwa punje ya mchele. Kwa kamera yangu nilimhesabu meno.

Sasa nikakumbuka kile ambacho Mukai alikuwa akinisimulia tangu Jumatano bila mimi kumsikiliza: kwamba fisi ameingia zizini kwa mama yake, amebeba mbuzi watatu. Mwekundu, mweupe na mwenye madoadoa.

Nilikuwa nimemwoa Mukai kwa mbuzi wa mama yake.

"Shemeji," sauti ikasema nyuma yangu.

"Shemeji," nikajibu.

"Umeona."

"Nimeona. Yule fisi wenu, siku hizi anavaa kofia?"

Muthoka akatazama chini.

"Na chai anakunywa na sukari ama bila?"

"Bisharo alinyanyuka akaondoka na sukari," akasema, kwa uchungu wa kweli. "Nikasimama nimtafute, nikakuona wewe na huo mzinga wako. Nikaacha chai nikakimbia."

"Kwa nini uliwauza, Muthoka?"

"Kwa ajili yako."

"Yangu?"

"Unadhani hema limetoka wapi? Na mchele? Na soda? Msemaji ni mimi. Wageni wa ntheo yako wakilala njaa, aibu ni ya nani? Sikuwa na kitu. Nikasema nitauza hao watatu Kinanie, ambako hakuna anayenijua, halafu ukileta wako nitajaza zizi, na Mama hatajua." Akavua kofia, akajipangusa. "Na wewe, kati ya mbuzi wote wa dunia."

Nilitaka kukasirika. Kicheko kikafika kwanza. Nikaziba mdomo kwa kamba ya kamera. Naye, mtu asiyecheka kabla ya Pasaka, mabega yakaanza kucheza. Tulisimama nyuma ya jiko, wazee wawili, tunalia machozi ya kicheko bila sauti.

Kisha tukaacha kucheka kwa pamoja, kwa sababu tulielewa kwa pamoja.

"Wazee wakijua," nikasema.

"Mbuzi wa mama hawawezi kulipia binti wa mama. Ntheo hakuna. Na ikikosekana ya Mukai..."

"Watu wa Wathome."

"Hawaji."

Tulimwona Mutheu kupitia nafasi ya ukuta wa jiko. Alikuwa anapanga vikombe, anaimba.

"Nyama ya ntheo ikishaliwa," Muthoka akasema polepole, "hakuna wa kuirudisha."

"Basi iliwe."

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue dada yake, tulitembea bega kwa bega. Nikasukuma picha ndani kabisa ya koti.

"Wazee," Muthoka akatangaza, "tuanze kazi. Kisu kiko wapi?"

"Hata chai hatujanywa," Mwangangi akasema.

"Chai ni baadaye. Jua linapanda."

"Jua hupanda kila siku, Muthoka. Una haraka ya nini?"

"Mbuzi amejileta mwenyewe, mzee," nikadakia. "Tukimngojesha atadhani hatumtaki."

Wazee wakacheka, wakaanza kukunja mikono ya mashati. Moto ukawashwa. Yule mwekundu akatolewa zizini, bado anatafuna. Nilikuwa naona mlango wa wokovu, na mlango uko wazi.

"Ngojeni."

Sauti ilitoka kwenye mlango wa nyumba. Mama mkwe.

Hapa lazima nieleze. Sisi Wakamba tuna nthoni, ile haya iliyopo kati ya mkwe na mama mkwe wake. Siketi naye, simtaji jina, simpi kitu mkono kwa mkono wala sipokei. Katika miaka thelathini na minane maneno yetu yote yamepitia kwa watu wengine, kama barua. Macho yake siku hizi yana ukungu. Mbuzi akiwa hatua tatu hawezi kumtofautisha na kiti. Lakini kitu akikileta karibu na pua, anakisoma mpaka nukta. Biblia nzima anaisoma hivyo.

Alikuja akishika ukuta, akaketi.

"Wale mbuzi hawakuuliza njia," akasema.

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Muthoka."

"Mwaitu," Muthoka akaitika. Kwetu hivyo ndivyo mtu anavyomwita mama yake.

"Wewe ulidai picha. Iko wapi?"

"Tumeiacha, Mwaitu. Sisi tunaaminiana."

"Lini mlianza?"

Muthoka akaigeuza kofia yake mkononi.

"Ninyi mnaaminiana," mama mkwe akasema. "Mimi nimezeeka, sina muda wa kuamini. Nataka kuona. Mwambieni yule mtu alete."

Yule mtu ni mimi. Nikajipapasa mifuko ya suruali, moja baada ya nyingine, kama anayetafuta funguo. "Mwambieni mama kwamba nadhani nimeisahau kwa gari," nikasema. "Ngui, kimbia uangalie."

"Gari gani?" Mukai akasema, akicheka. "Uko nayo kwa koti tangu jana. Hata kulala ulilala nayo."

Na kabla sijageuka, mkono wa mke wangu ukaingia kotini na kutoka na picha. Alikuwa anang'aa. Hakujua lolote. Yeye aliyeipinga kamera ile ndiye aliyeifungua picha yake mbele ya ukoo mzima, akasema, "Mama, nilimgombeza kwa sababu ya ile kamera kubwa. Lakini shika uone jinsi imetoka."

Akampa mama yake.

Sasa niambieni ningefanya nini. Kati yangu na ile karatasi kulikuwa na hatua mbili. Mtu mwingine angeruka, angeanguka kwa makusudi, angemwaga chai. Mimi ni mkwe. Mkwe hamkaribii mama mkwe, seuze kumpokonya kitu mkononi. Nilisimama hapo, kilo mbili shingoni, kama mwizi aliyefungwa kamba na mila zake mwenyewe.

Muthoka alijaribu. "Mwaitu, jua litakuumiza macho, nipe nikushikie."

"Kaa."

Akakaa.

Mama mkwe akaileta picha puani. Akaanza upande wa kushoto, kama anavyosoma Zaburi. Kidole kikapita juu ya Abdishakur. Kikafika kwangu.

"Huyu ni yule mtu. Amevuta tumbo."

Kicheko. Kidole kikashuka. Kikamgusa mwekundu, kikakaa. Kikamgusa mweupe. Kikamgusa mwenye madoadoa, kikakaa zaidi. Midomo yake ikasogea bila sauti.

Kisha kidole kikapanda. Kikapita bega langu. Kikafika kibandani. Kikasimama.

Akaileta picha karibu zaidi, mpaka karatasi ikagusa kope.

Kule motoni mzee mwenye kisu aliuliza kama aendelee.

"Mutheu," mama mkwe akaita. "Njoo kwa susu."

Binti yangu akaja, bado ana tabasamu, bado ana kitambaa cha vikombe begani. Akachuchumaa kando ya bibi yake.

"Macho yangu ni mabaya, na moyo wangu hautaki kuyaamini. Wewe macho yako ni mapya. Huyu mtu wa nyuma, mwenye kikombe, ni nani?"

Mutheu akaangalia. Nililiona tabasamu likitoka kwenye uso wake taratibu. Akamtazama mjomba wake. Akatazama mbuzi mwekundu, ambaye alikuwa amenyoosha shingo kuelekea kwa mama mkwe kama anayesubiri kuitwa. Kisha akanitazama mimi, na sijawahi kutazamwa hivyo na mtu yeyote, hata na waliokatiwa maji.

"Susu," akasema. "Nikikuambia, ntheo ya mama itasimama?"

Mama mkwe akaikunja picha mara mbili, akaiweka mapajani, akafunika kwa viganja vyote viwili.

"Itategemea," akasema, "utamtaja nani kwanza: mjomba wako au baba yako."